Mteja Akisema "Na Mitishamba Natumia": Mbinu za Mfamasia wa Moshi

Umepangiwa kituo Moshi, au umefungua famasi yako Pasua, Himo au Marangu Mtoni. Hongera. Sasa jua hili mapema: wateja wako wengi wana dawa nyingine nyumbani. Ipo kwenye dumu la lita tano uvunguni mwa kitanda, ipo kwenye sufuria jikoni, au bado inaota kihambani kati ya migomba na kahawa. Hawakukutajia kwa sababu hukuuliza. Au uliuliza huku umekunja uso.

Dawa hizo huwezi kuzifukuza, na hulazimiki kuzisifia. Unachohitaji ni kuzijua, ili vidonge unavyotoa vifanye kazi na mtu asidhurike. Haya, twende.

Dirishani

Salamu kwanza, cheti baadaye. Babu akifika, mpe shikamoo yake kamili, muulize habari za nyumbani, ndipo unyooshe mkono kupokea karatasi. Huku mlimani mtu hukupima kwanza kama umelelewa vizuri, halafu ndiyo anaamua akuambie nini. Haichukui hata dakika.

Usiulize, "Unatumia dawa za kienyeji?" Swali hilo linasikika kama la polisi, na jibu lake ni "hapana." Uliza hivi: "Bibi, mbali na hivi vidonge, nyumbani unajisaidia na nini?" Kisha nyamaza. Mwache afikiri.

Akikwama, taja vitu kwa majina. Mlonge? Mwarobaini? Kitunguu saumu? Shubiri? Supu ya Kimasai yenye olkiloriti? Watu wengi hawahesabu chai, supu wala unga kuwa ni dawa, kwa hiyo swali la "dawa" linawapita pembeni. Ukitaja kitu mwenyewe, anajua unakifahamu na hutashangaa.

Akishakuambia, sema "asante kwa kuniambia." Usicheke. Usimkonyeze mwenzako wa kaunta. Mteja akichekwa mara moja harudi, na habari zako zitafika kanisani Jumapili kabla yako.

Halafu malizia na maswali manne: ni kitu gani, unakitumia kwa shida gani, unakunywa kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa lini. Kwenye kiasi usikubali "kidogo tu." Mwonyeshe chombo. Ni kijiko, kikombe cha chai, au kata ile ya mbege? Hapo ndipo utajua kama unazungumzia kiungo cha chai au dozi ya kumwangusha mtu.

Tenga kona ndogo ya kuongelea. Kiti kimoja na pazia vinatosha. Kijana anayelamba unga wa nguvu za kiume hatakuambia mbele ya mama yake mkubwa. Na unga huo ujue vizuri: bidhaa nyingi za "asili" za aina hiyo, katika nchi nyingi, zimepimwa na kukutwa zimetiwa sildenafil kimyakimya. Ikifanya kazi ndani ya saa moja, itilie shaka. Muulize kuhusu moyo na maumivu ya kifua kabla ya kitu kingine chochote, maana mtu wa dawa za nitrati akimeza sildenafil, presha yake inaporomoka ghafla.

Jani liletwe

Jina la mti lisikutoshe. Jina la Machame si lazima liwe la Rombo, na jina moja linaweza kubeba miti miwili. Mwambie mteja alete jani, ua kama lipo, na kipande cha gome. Akipiga picha kwa simu, apige mti mzima na jani kwa karibu. Dawa nyingi zinatoka kihambani kwake mwenyewe, kwa hiyo ombi hili halimsumbui. Ukipenda kulifuatilia zaidi, libane jani ndani ya gazeti likauke. Hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa ipo Ngaramtoni, Arusha, na huko kuna watu wa kuitambua.

Gome lililokauka la sokoni ni habari nyingine. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na si kila mtu anaweza kupanda na panga akabandua mti. Mzigo mwingi unaouzwa kwenye masoko ya mjini umetoka mbali na umepita mikono mingi. Ukisagwa kuwa unga, hata anayeuza hajui. Kwa hiyo kanuni yako iwe fupi: kisichojulikana kisinywewe pamoja na dawa ya moyo, ya kifua kikuu, ya kifafa wala ya kuzuia damu kuganda. Huna haja ya kuthibitisha kwamba kina sumu. Inatosha kwamba hakijulikani.

Chupa ya kwenye basi, yenye lebo ya "inatibu magonjwa 40," iulizie namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hakuna namba, hakuna mjadala. Na wewe mwenyewe usiiweke kwenye rafu yako eti kwa sababu ina faida nzuri.

Panga saa, usipige marufuku kila kitu

Makosa mengi hapa mlimani ni ya saa. Mtu anameza kidonge sahihi na chakula kisichopatana nacho. Hili unalitibu kwa kalamu na lebo tu.

Anza na maziwa. Mtu aliyepewa doksisaiklini au siprofloksasini, ukamwambia "meza baada ya kula," atameza na glasi ya maziwa, na dawa itashikwa tumboni isiingie vizuri kwenye damu. Mwambie wazi: "Meza na maji. Maziwa subiri saa mbili au tatu."

Mseto wa malaria ni kinyume chake. Ule unataka mafuta. Mwambie ameze na maziwa, mtori wenye nyama, au nusu parachichi. Parachichi Moshi lipo kila mahali, na ni ushauri ambao hakuna atakayeusahau.

FEFO kwa mjamzito isimezwe na chai wala maziwa. Ameze na maji, ale na chungwa au papai. Kama anatumia ARV zenye dolutegravir, hizo atangulize, na FEFO aisubirishe angalau saa mbili. Akiona usumbufu, ameze vyote pamoja na chakula kamili. Muulize pia kama anakula udongo. Muulize kwa upole, wengi wanaona aibu. Udongo unashika madini ya chuma tumboni, halafu wewe unashangaa kwa nini damu haipandi.

Magadi nayo. Kwenye kiburu yamo, kwenye maharage yamo, na mtu akivimbiwa anayakoroga kwenye maji anakunywa. Magadi ni sodiamu. Mgonjwa wa presha ataacha chumvi ya mezani kama daktari alivyosema, kisha atakula magadi kwa amani kabisa, kwa sababu hakuna aliyeyataja. Wewe yataje. Mwambie mama mpishi aloweke maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Kwa mtu wa warfarin usiseme "acha mboga." Nani ataacha mnafu Moshi? Mwambie ale kiasi kile kile kila wiki, asikae wiki mbili bila kisha siku moja akala sufuria nzima. Mboga za majani zina vitamini K, na vitamini K inabishana na warfarin. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Punje tano mbichi kila asubuhi "kwa ajili ya presha," akiwa kwenye warfarin, ziishe leo leo, na kipimo cha INR kirudiwe.

Mlonge na mwarobaini vinaweza kushusha sukari. Glibenklamidi inashusha sukari. Vikikutana, na mtu hajala, anaanguka. Mfundishe dalili kwa lugha yake: jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Mwambie na wa nyumbani kwake, maana akianza kuongea ovyo usiku watadhani amerogwa. Soda yenye sukari kwanza, maombi yafuate. Kisha muulize kama yuko tayari kuacha mitishamba hiyo, au kupima sukari mara kwa mara na kukuletea daftari. Akiamua mwenyewe, atafuata.

Shubiri ni ya kuharisha. Kwa mtu anayetumia furosemidi au digoksini, kuharisha kunamalizia potasiamu iliyobaki, na moyo unaanza kuruka mapigo. Hiyo aiache.

Sasa figo. Hapa kuwa mkali. Watafiti wa KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walipita majumbani Moshi mjini na vijijini mwaka 2014 wakichunguza ugonjwa sugu wa figo, na walikuta watu wengi wanatumia tiba za pande zote mbili kwa pamoja. Usimtupie lawama mganga peke yake. Mzee mwenye kisukari, presha, maumivu ya magoti, diklofenaki ya kila siku aliyonunua kwako bila cheti, na juu yake dumu la mizizi: hapo figo ziko katikati ya moto, na kiberiti kimoja ni cha kwako. Mpe parasetamoli. Mwulize lini alipima kreatinini. Mwambie dumu lisubiri hadi majibu yatoke.

Ipe dawa yako masharti

Umewahi kuona mtu anavyofuata masharti ya mganga? Asile hiki, asivuke kile, anywe kabla jua halijachomoza, asimsalimie mtu njiani. Anafuata yote. Wewe unamwambia "moja mara tatu" na anasahau kabla hajafika stendi.

Basi jifunze hapo. Kila dawa iambatanishe na sharti moja au mawili ya kweli, yaliyofungwa kwenye shughuli anayoifanya kila siku. "Hii unameza ukishakata majani ya ng'ombe asubuhi." "Hii unameza kabla ya sala ya usiku, unakaa wima, hulali papo hapo." Mwambie na kwa nini. Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake: "Hebu bibi nielekeze mimi, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa."

Tabiri yatakayotokea. Rifampisini inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Usipomwambia mapema, ataona mkojo, atajua amewekewa sumu, na dawa za kifua kikuu zitaishia shimoni. Ukimwambia mapema, atarudi na kukuamini kwa lingine lolote.

Utasikia sana maneno haya: dawa ya hospitali inatuliza, ya kienyeji inatibu mzizi. Usibishane kwa nadharia. Sema: "Ni kweli babu, hii ya presha haimalizi presha. Inaishika isipande. Ukiiachia, inapanda." Kukubali sehemu iliyo ya kweli kunakupa nafasi ya kusema iliyobaki.

Homa ya mlimani

Hapa tulia kidogo, kwa sababu ndipo pesa na maisha vinapotea zaidi. Mteja anakuja na homa, anataka mseto. Mwingine ameshakunywa chai ya artemisia wiki nzima. Wote wawili wameamua ni malaria.

Kuna utafiti uliofanyika KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa 2013. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7. Vipimo vilipokamilika, malaria yenyewe ilikuwa asilimia 1.6. Soma tena hiyo sentensi. Kati ya homa nyingine zilizokutwa kulikuwa na brusela, leptospira na homa ya Q, yaani magonjwa yanayotoka kwa mifugo na panya.

Kwa hiyo mbinu ni hii. Bila kipimo, hakuna mseto. Mwelekeze kituo cha karibu, apime, arudi. Chai ya artemisia isimame kama dawa ya malaria: kiasi cha artemisinini ndani ya majani kinabadilika kutoka shamba hadi shamba, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi matumizi hayo.

Kipimo kikisema hakuna malaria na homa inaendelea, uliza mambo ya nyumbani. Unafuga nini? Mbuzi amezaa karibuni, ukamsaidia kwa mikono? Mnakunywa maziwa mabichi? Mmekula mlaso? Damu mbichi na maziwa mabichi ni njia nyepesi ya brusela. Andika majibu kwenye karatasi, mpe aende nayo kwa daktari. Mistari mitatu yako inaweza kumwokolea mtu wiki mbili za kubahatisha.

Usiseme mlaso ni ushenzi. Sema damu na maziwa vipitie motoni. Kisusio, ile supu ya damu, kinachemka na bado ni kitamu.

Mama mzazi na mtoto

Mama wa Kichagga aliyejifungua anatunzwa, na utunzaji huo usiuguse. Kimila anakaa ndani miezi mitatu, anapikiwa mtori, analetewa maziwa na siagi. Sifu mtori mbele ya mama mkwe. Ni chakula kizuri, na mama mkwe ndiye atakayeamua kama vidonge vyako vitamezwa. Mwagize yeye: "Mama, wewe ndiye msimamizi. Hii FEFO usimpe pamoja na maziwa." Umempa kazi, atailinda.

Kabla ya kujifungua kuna dawa za kuongeza uchungu. Hapa hakuna kupanga saa. Mti unaobana kizazi bila kipimo unaweza kukipasua, na ukichanganyika na dripu ya uchungu ya hospitali hatari inazidi. Mwambie mjamzito na anayemsindikiza: dawa ya uchungu isinywewe, na ikishanyweka, wodini waambiwe bila woga. Waambie maneno hayo ya mwisho mara mbili.

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, pamoja na dawa aliyoandikiwa. Siyo maji ya mchango, wala chai ya mizizi. Asali asipewe kabla hajafikisha mwaka mmoja, hata ya kikohozi. Baada ya hapo, asali na limau ni sawa kabisa, na nafuu kuliko sharubati nyingi unazouza.

Meno ya plastiki utayasikia. Mtoto ana homa na kuharisha, fizi zimevimba, bibi anasema ameota meno ya plastiki, yang'olewe. Anayeng'oa anatumia msumari, spoku ya baiskeli, chochote kilichopo. Anachong'oa ni meno yenyewe ya mtoto yaliyokuwa bado yanajitengeneza. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na kuharisha kule kule bado kunamkausha.

Usipoteze muda kubishana kama meno hayo yapo. Tibu kinachoua. Toa ORS na zinki, mwonyeshe mama namna ya kunywesha kijiko kwa kijiko, na mpangie muda: "Mama Neema, tumpe hii. Kesho asubuhi niletee nimwone." Zinki iende siku 10 kamili hata kuharisha kukikoma. Macho yakidumbukia, au mtoto akishindwa kunyonya, hapo si kesho tena. Ni Mawenzi, au hospitali iliyo karibu naye: Kibosho, Machame, Kilema, Huruma.

Kikohozi kisichoisha nacho kina njia yake ya mkato, kukata kimeo. Uliza kikohozi kina muda gani. Wiki mbili au zaidi, apime makohozi. Mkoa huu una Kibong'oto kule Siha, hospitali iliyobobea kwenye kifua kikuu. Na degedege la mtoto ni la hospitali, haraka, hata kama baba anataka kwanza apite kwa mtaalamu wake.

Mganga si mshindani wako

Tiba asili ina sheria yake, Sheria Namba 23 ya 2002, na baraza lake chini ya Wizara ya Afya. Halmashauri yako ina mratibu wa tiba asili. Mtafute. Mwombe akutajie waganga waliosajiliwa na wakunga wa jadi wa eneo lako, na akusindikize safari ya kwanza.

Ukifika, wewe ni mgeni na ni mdogo. Koti jeupe liache kwenye begi. Usimwombe siri ya dawa yake, hatakupa, na hata akikupa utakuwa umemkosea. Muulize anachoweza kujibu: dawa yako inaharisha? Inakojoza sana? Inaleta usingizi? Inashusha sukari? Mgonjwa anakaa siku ngapi bila kula? Majibu hayo matano yanakutosha kumlinda mteja.

Kisha mkubaliane mambo machache. Anayetapika damu, anayeanguka kifafa, mjamzito anayevuja damu, mtoto asiyenyonya, mtu aliyepooza upande mmoja leo: hao wapande gari la hospitali kwanza. Mpe vikaratasi vidogo vyenye namba yako ya famasi. Na wewe umrudishie heshima: anapokuletea mgonjwa, mpigie simu umwambie amefikaje. Mganga aliyeambiwa "asante, mgonjwa wako amepona" atakuletea wengine kumi.

Mwombe jambo moja zaidi, nalo ndilo kubwa: asimwambie mtu aache vidonge. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita Arusha kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wengi walitoka huku kwetu. Walikuwamo watu wa ARV na wa kisukari walioacha dawa zao kwa imani kwamba wamepona. Mteja akitaka kikombe, kiwe cha nani, usimzuie mlangoni. Mwambie aendelee na kidonge mpaka kipimo, siyo kikombe, kiseme aache. Ukimkataza kabisa ataenda vilevile, ila safari hii bila kukuaga na bila vidonge.

Kuna na mambo ya ukoo: ugomvi wa kihamba, laana ya mzee, jani la isale linalopelekwa kuomba msamaha. Mgonjwa anaweza kuamini presha yake imeanzia hapo. Mwache apeleke isale. Kupatana na kaka yake hakuingiliani na amlodipini.

Mbege na Desemba

Muulize mteja, "Una shughuli wiki hii?" Harusi, ubatizo, msiba, vyote vina mbege. Anayetumia metronidazoli asubiri mpaka siku mbili baada ya dozi kuisha. Wa dawa za kifua kikuu ini lake halina nafasi ya ziada. Wa glibenklamidi asinywe akiwa na njaa. Ukisema "usinywe pombe" wengine watakujibu kwa moyo safi kwamba hawanywi, maana kwao mbege ni kinywaji cha nyumbani. Itaje kwa jina.

Kuna mjanja atakayekuambia mbege inashusha presha kwa sababu ina msesewe. Ana nusu ya hoja. Msesewe, Rauvolfia caffra, ni ndugu wa mmea wa India uliotoa reserpini, dawa ya presha iliyovuma miaka ya 1950. Lakini hakuna anayejua kata moja ina kiasi gani cha chochote, na pombe yenyewe inapandisha presha. Cheka naye, kisha mpime.

Desemba jiandae mapema. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi, na nusu yao wamesahau dawa kwenye meza ya sebuleni. Agiza amlodipini, losatani na metfomini kabla ya tarehe 15. Atakayekuja na maelezo ya "kidonge cheupe cha duara," mwombe apige simu kwa aliyebaki nyumbani atume picha ya boksi.

Na watoto hao wa mjini wanawaletea wazazi mifuko ya virutubisho na vidonge vya majani kutoka nje. Hivyo navyo ni mitishamba, ila vimevaa boksi. Waambie walete mfuko mzima kaunta, uutoe kimoja kimoja mezani, usome.

Andika unachoambiwa. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, dawa ya hospitali, mti, kiasi, shida. Mteja akija na macho ya njano, mkojo mweusi, vipele mwili mzima au kuvimba miguu baada ya kuchanganya dawa, mpeleke hospitali kwanza, kisha jaza fomu ya njano ya TMDA siku hiyo hiyo. Sehemu ya dawa nyingine alizotumia, andika na mti, kwa jina la kijijini kama ndilo pekee ulilo nalo, na utaje lile jani ulilolibana kwenye gazeti.